Mdogo wangu hataki dawa, anataka cherehani yake

Wapendwa washauri, habari za kazi.

Naishi Morogoro na mama yangu pamoja na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 27. Ni fundi cherehani, na wateja walikuwa wanamfuata kutoka mitaa ya mbali. Miaka miwili iliyopita alianza kusikia sauti zinamsema, akawa halali, akakatakata vitambaa vya watu akidai vimewekewa kitu. Amelazwa mara mbili. Mara ya mwisho aliruhusiwa miezi mitatu iliyopita na haloperidoli ya miligramu 5 asubuhi na jioni. Alipewa pia benzheksoli. Ilipokwisha baada ya wiki mbili hatukununua nyingine, tulidhani ni ya ziada tu.

Sauti zimepungua, lakini hatulii. Anazunguka uani mpaka usiku wa manane, akikaa miguu haitulii, na mikono inatetemeka hadi anashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mwezi wa pili baada ya kuruhusiwa akagoma kumeza dawa. Mama akawa anazisaga na kumtilia kwenye uji. Ameshtukia, sasa hagusi chakula cha nyumbani, ananunua chapati kwa jirani. Cherehani na mikasi nimevifungia chumbani kwangu kwa sababu naogopa. Usiku tunamfungia mlango kwa nje. Baba mkubwa anashauri tumpeleke kwa mganga kijijini.

Kilichonikera zaidi ni kliniki ya mwezi uliopita. Afisa ustawi wa jamii aliniacha mimi, akamgeukia yeye na kumuuliza, "Wewe unataka nini?" Akajibu, "Nataka cherehani yangu." Akaandika hivyo hivyo kwenye faili! Kisha mwanasaikolojia akakaa naye karibu nusu saa peke yao. Nilipouliza wamezungumza nini, akasema hawezi kuniambia mpaka mdogo wangu aridhie. Nauli natoa mimi, kukesha nakesha mimi. Hivi mgonjwa wa akili anaulizwa anataka nini? Naomba mniambie nifanyeje ili akubali dawa.

Dada aliyechoka, Morogoro

JIBU

Dada yetu, pole sana, na pole kwa mama. Barua yako imejaa mambo ambayo daktari angelipa kuyajua, na tutayarudia moja moja. Kwanza tukujibu swali lako la mwisho: ndiyo, anaulizwa. Tena swali lile la afisa ustawi ndilo lililofungua njia ya kumrudisha kwenye dawa, kwa sababu jibu lake na kukataa kwake dawa ni jambo moja. Fundi ambaye hawezi kutunga uzi hana sababu ya kumeza kidonge kinachomtetemesha mikono. Ninyi mnaona dawa imeondoa sauti. Yeye anaona dawa imemwondolea kazi. Mkibaki kubishana kama anaumwa au haumwi, mtabishana hadi mwakani.

Tuanze na mwili wake. Haloperidoli hupunguza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Huko ndiko kunakonyamazisha sauti, na huko huko ndiko kunakoleta mikono kutetemeka, viungo kukakamaa, uso kukosa uchangamfu na hatua kuwa fupi. Benzheksoli aliyopewa haikuwa ya ziada, iliwekwa kwa ajili ya kutetemeka na kukakamaa huko. Ilipokwisha, mkaona mlichokiona.

Kuzunguka uani na miguu isiyotulia ni jambo lingine, na ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Kuna madhara ya dawa hizi yaitwayo akathisia: mtu anahisi kama mwili unamsukuma kutoka ndani, hawezi kukaa, hawezi kusimama mahali pamoja, usingizi unakimbia. Familia nyingi hudhani ugonjwa umerudi. Hata kwenye kliniki yenye foleni ndefu hudhaniwa hivyo, na hapo hatari inaanza, kwa sababu mtu huongezewa dozi ya dawa ile ile inayomsumbua. Benzheksoli haisaidii sana akathisia. Mara nyingi daktari hupunguza dozi, hubadilisha dawa, au huongeza dawa nyingine iitwayo propranololi, ambayo haifai kwa mwenye pumu, kwa hiyo kama aliwahi kuwa na pumu semeni mapema. Namna ya kutofautisha ni kumuuliza yeye, kwa upole: "Unatembea kwa sababu ya sauti au woga, au ni mwili tu unakataa kutulia?" Wengi wanajua tofauti na wanaieleza vizuri sana wakiulizwa. Muulizeni pia kama hali hiyo imewahi kumfanya atamani kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na akathisia ikizidi inaweza kumfikisha mtu huko.

Msipunguze wala kuongeza kitu wenyewe. Chukueni daftari la shule, na kwa siku saba kabla ya kliniki andikeni: saa ya dawa, kama kweli aliimeza, saa ambayo miguu ilianza kusumbua, saa aliyolala na aliyoamka. Mpeni sindano na uzi asubuhi na jioni, mwandike kama aliweza kutunga na kwa muda gani. Daktari akiona ukurasa huo anapata zaidi ya alichokuwa akipata kwa kuuliza "anaendeleaje?" na ninyi kujibu "afadhali kidogo". Akubali mwenyewe kuandika, ikiwezekana kwa mwandiko wake, maana mwandiko unaozidi kuwa mdogo ni dalili ya kukakamaa ambayo daktari anaitafuta.

Hali mbili hazisubiri siku ya kliniki. Shingo au taya ikipinda ghafla, ulimi ukatoka, macho yakaelekea juu na kukwama, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, inatibika kwa sindano. Na akipata homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao na kuchanganyikiwa, msimpe kidonge kingine chochote cha ugonjwa wa akili. Mkimbizeni, hiyo inaweza kuua.

Sasa uji. Tunajua mama alifanya kwa mapenzi, lakini ukomeshwe. Kidonge kilichosagwa kwenye uji ambao haumalizwi hakina dozi inayojulikana: leo robo, kesho nzima, keshokutwa hakuna. Daktari anaandika kwenye faili "anatumia miligramu 10 kwa siku" na kupanga matibabu juu ya namba isiyo ya kweli. Halafu kuna hili la pili: kijana ambaye ugonjwa wake ulimwambia vitambaa vimewekewa kitu, sasa amegundua kwamba chakula chake kweli kimewekewa kitu. Mmeupa ugonjwa ushahidi. Kurudisha imani hapo ni kazi ya wiki nyingi, na inaanza kwa mama kumwambia waziwazi, kwa maneno machache: "Nilikutilia dawa kwenye uji. Niliogopa. Sitafanya tena." Asiongeze "lakini na wewe". Kwa muda apakue chakula mwenyewe kutoka sufuria ya pamoja, na ninyi mle humo humo mbele yake.

Mpange jambo hilo na kliniki, maana huenda kile kidogo kilichokuwa kinaingia ndicho kilichokuwa kinamshikilia. Nendeni wiki hiyo hiyo, msisubiri tarehe ya kadi. Mwambieni daktari ukweli wote kuhusu uji. Kuna njia kadhaa za kuzungumza naye: dozi ndogo zaidi, kubadilisha kwenda risperidoni au olanzapini ambazo kwa kawaida zinatetemesha kidogo kuliko haloperidoli (olanzapini huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari, kwa hiyo apimwe uzito na sukari tangu mwanzo), au sindano ya muda mrefu. Sindano inayopatikana sana ni flufenazini dekanoati. Huanza kwa dozi ndogo ya majaribio, kwa kawaida miligramu 12.5, kisha mara nyingi 25 kila baada ya wiki mbili hadi nne. Inaondoa ugomvi wa kila siku nyumbani, lakini nayo inaweza kutetemesha mikono, na ikishaingia haitoki kwa siku nyingi. Kwa fundi cherehani hilo si jambo dogo. Aelezwe, achague. Sindano isitumike kamwe kama tishio: "usipomeza utachomwa."

Atazitumia hadi lini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka dawa ziendelee angalau miezi 7 hadi 12 baada ya dalili kutulia kwa aliyeugua mara ya kwanza. Yeye ameshalazwa mara mbili, hivyo muda utakuwa mrefu zaidi, na siku ya kupunguza itapangwa na daktari pamoja naye, taratibu. Mwambieni hivyo mapema. Watu wengi huacha dawa kwa sababu wameambiwa "ni za maisha" siku wakiwa bado hoi.

Turudi kwenye faili lile. Afisa ustawi aliyeandika "nataka cherehani yangu" alifanya kazi yake sawasawa. Katika utengamao, yaani kazi ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake ya kila siku baada ya kuugua, lengo huandikwa kwa maneno ya mwenye ugonjwa, halafu wataalamu wanalivunja vipande. Lengo la "atumie dawa vizuri" ni la familia na daktari, yeye hana hisa ndani yake. Lengo la cherehani linabeba yote mnayoyataka ninyi: ili ashone anahitaji kulala, ili alale anahitaji miguu itulie, ili miguu itulie anahitaji kusema ukweli kuhusu dawa, na ili sauti zisimharibie kipimo cha mteja anahitaji kuendelea nayo. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyejenga tiba inayomweka mteja katikati tangu miaka ya 1940, alisisitiza mtaalamu amsikilize mtu na kumwelewa badala ya kumwelekeza. Haina maana kwamba kila anachosema kinafuatwa. Akisema kesho nataka kwenda Dar kununua majora kwa mkopo, mtaalamu hatatikisa kichwa kukubali. Atamuuliza anataka kufikia nini, nini kinaweza kwenda kombo, na hatua ndogo ya kwanza ni ipi.

Kwenye kliniki ijayo ombeni aonane na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mgonjwa kurudia kazi na shughuli zake, kama hospitali inaye. Kama hayupo, afisa ustawi au muuguzi wa afya ya akili anaweza kuwaongoza katika mpango kama huu. Cherehani itoke chumbani kwako, ikae sebuleni au barazani, mahali penye mwanga na watu wanaopita. Wiki ya kwanza ashone dakika 20 tu kwa siku, saa ambayo dawa haijamlemea, kwa wengi ni katikati ya asubuhi. Aanze na sindano bila uzi juu ya karatasi iliyochorwa mistari, afuate mstari: matundu yanaonyesha wazi mkono unavyokwenda. Kisha mistari iliyonyooka kwenye kitambaa chakavu, kisha foronya, kisha pindo za kanga. Kutunga uzi kukishindikana, kuna kifaa kidogo cha waya cha kutungia kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Kukitumia kusionekane aibu. Mikasi ianze midogo yenye ncha butu, akabidhiwe mkononi, arudishe mwenyewe. Kama hajawahi kumtishia mtu kwa mikasi, na barua yako haisemi hivyo, hofu yako ni ya kueleweka lakini isiwe ndiyo sheria ya nyumba. Kama amewahi, mwambieni mtaalamu kabla, mpango utabadilika.

Ongezeni dakika 10 baada ya siku kadhaa ambazo zimekwenda vizuri, si kila siku. Mteja wa kwanza awe ndugu au jirani anayejua, kazi moja, bila haraka, na malipo apokee yeye mwenyewe. Hapa familia huharibu kwa furaha. Wakiona foronya mbili zimetoka safi wanamtangazia mtaa mzima, na ikiwa ni Desemba au Januari zinamwagika sare za shule, kila mzazi anataka kabla shule hazijafunguliwa. Anakesha siku tatu, dawa ya jioni anaruka kwa sababu inampa usingizi, na kabla mwezi haujaisha mko wodini tena. Sare aziache msimu huu. Na ikiwa kuna fundi mwenzake aliye tayari kumpa meza kwenye banda lake saa mbili kwa siku, ni bora kuliko kumweka nyumbani akifanya mazoezi yasiyoisha. Utafiti wa kuwasaidia watu wenye magonjwa haya kupata ajira umeonyesha kwamba kazi halisi, yenye mtaalamu anayewafuatilia, huwashikilia kazini vizuri kuliko mafunzo marefu ya kuwaandaa kwanza.

Kuhusu mwanasaikolojia aliyekataa kukuambia: angekuambia, mdogo wako asingefungua mdomo mara ya pili. Lakini usiri huo una mipaka na una mlango. Mipaka ni hatari: akisema anataka kujiua au kumdhuru mtu, mtaalamu anatakiwa kuchukua hatua na kuwahusisha wanaohitajika kumlinda. Mlango ni ridhaa: muombeni mdogo wako mbele ya mtaalamu achague yapi yasemwe kwenu. Wengi wanaruhusu habari za dawa, tarehe na dalili, na kubakisha mengine. Jambo ambalo familia nyingi hazijui ni kwamba usiri haumzuii mtaalamu kuwasikiliza ninyi. Unaweza kuandika karatasi moja ya yale uliyoyaona, ukamkabidhi, huku ukimwambia mdogo wako kwamba umefanya hivyo. Ombeni pia kikao cha familia, ninyi watatu na mwanasaikolojia, dakika 45, ajenda moja.

Na katika kikao hicho jiandaeni kusikia kuhusu nyumba yenyewe. Tangu miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown na wenzake waligundua kwamba wagonjwa waliorudi kwenye nyumba zenye lawama, ukali au ulinzi uliopitiliza waliugua tena zaidi kuliko wengine. Utafiti wa mwaka 1976 uliofuata nyayo hizo ulionyesha kwamba katika nyumba za namna hiyo, mgonjwa aliyekuwa uso kwa uso na ndugu zake zaidi ya saa 35 kwa wiki alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Haina maana ninyi ndio mliomletea ugonjwa. Ina maana kwamba mama akirudi kwenye kikundi chake na wewe ukirudi kwenye shughuli zako, mnapumzika ninyi na anapumzika yeye. Mmoja tu azungumze naye kuhusu dawa, mara moja kwa siku. Sasa hivi, tukikisia, anaulizwa na watu watatu kabla ya chai.

Mlango mnaomfungia kwa nje usiku ufunguliwe. Moto ukitokea hatoki, akibanwa na haja anadhalilika, na akathisia ndani ya chumba kilichofungwa ni mateso. Mnachohitaji badala yake ni karatasi ya dharura aliyoiandika yeye siku ambayo yuko vizuri: dalili zangu za kwanza ni zipi (kwake inaelekea ni kutolala na kushuku vitambaa), nani anijie kwanza, nani asinikaribie, dawa gani ilinisaidia, hospitali gani nipelekwe. Usiku mbili mfululizo bila usingizi zitoshe kwenda kliniki bila kusubiri ya tatu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumlaza mtu bila ridhaa yake hali inapolazimu, na karatasi hiyo humsaidia daktari kuheshimu matakwa yake hata siku hiyo.

Baba mkubwa msimgombeze, atahitajika. Kama mdogo wako mwenyewe anataka dua au maombi, aende. Yasiyokubalika ni kufungwa kamba au minyororo, kupigwa, kufungishwa bila kula, na kuambiwa aache dawa. Akipewa mizizi au majani ya kunywa, daktari ajulishwe. Bangi, pombe na mirungi navyo viulizwe bila kuhukumu; bangi hasa huamsha sauti upya.

Gharama: ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali ya umma ndiyo inayochambua maombi ya msamaha wa matibabu. Pitieni serikali ya mtaa kwanza mchukue barua ya utambulisho inayoeleza hali ya kaya, iwapunguzie safari. Mtasikia pia kuhusu mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inagusa pia vikwazo vinavyotokana na akili, kwa hiyo mlango upo. Ushauri wetu ni kwamba asikope sasa. Deni linanyima usingizi, na usingizi ndio mnaoulinda. Akimaliza miezi sita ya kushona bila kulazwa, afisa ustawi amsaidie kuandika andiko la kuombea mkopo huo.

Siku ya kliniki bebeni daftari, vidonge vyote vilivyobaki ndani ya paketi zake ili vihesabiwe, na karatasi ya maswali yake matatu aliyoyachagua yeye. Akiingia chumbani, yeye akae kiti cha karibu na daktari, wewe cha nyuma. Daktari akikuuliza wewe "anakulaje, analalaje?" mgeukie mdogo wako ajibu, kisha wewe ongeza. Na kabla hamjatoka ombeni nakala ya mpango, wenye jina la mtaalamu na tarehe, kwa sababu wahudumu huhamishwa, na atakayekuja baada yao asianze tena na swali la "huyu anasumbuliwa na nini?"